Nguzo Mbili Katika Kahawa ya Jirani

Mume wangu alileta nyumbani gari la umeme mwaka ambao petroli ilikuwa inapanda bei kila tukipumua. Halikuja kwa magurudumu yake. Lilipakiwa juu ya lori kutoka Dar es Salaam, kwa sababu betri yake ilishachoka na isingefika hata Chalinze, likashushwa Vwawa mchana kweupe huku watu wamejaa barabarani kulitazama. Mume wangu ni wakala wa forodha Tunduma. Kazi yake ni kujaza fomu za mizigo ya watu inayovuka kwenda Zambia, na gari lile alilinunua kutoka kwa mteja wake mmoja aliyekwama na biashara. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nyumba yetu iko nje ya Vwawa, kwenye njia ya kwenda Mbozi Mission, huku na huku mashamba ya kahawa.

Wiki za mwanzo tulilichaji kwenye soketi ya sebuleni. Waya ulipita dirishani, dirisha halifungiki, na baridi ya kwetu mwezi wa sita haina mzaha. Lilichukua siku nzima kujaa. Ukiwasha pasi, umeme unakatika. Ukichemsha maji ya chai, unakatika. Tukamwita fundi umeme, mzee mmoja mpole mwenye leseni na mhuri wake kwenye mfuko wa plastiki. Akaigusa soketi, akatoa mkono haraka.

"Mwalimu, hii inaungua," akasema. "Nyumba hii ilifungiwa umeme wa taa na redio. Gari linataka njia yake, tena ya umeme mkubwa wa fezi tatu. Mkiendelea hivi mtakuja kulala nje."

Akatueleza utaratibu. Yeye angechora mchoro na kugonga mhuri. Sisi tungejaza fomu ya maombi, tuchukue barua kwa mtendaji wa kijiji, kisha aje mpimaji aone nguzo zitapita wapi. Na kama nguzo zitapita kwenye ardhi ya mtu mwingine, mtu huyo lazima aridhie kwa maandishi.

Mpimaji alikuja. Laini ya fezi tatu ilikuwa kwenye mashine ya kusaga, ng'ambo ya shamba la jirani yetu. Akasema kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuzunguka na barabara, nguzo tano, na muda wake. Ya pili ni kukata katikati ya shamba la jirani, nguzo mbili tu.

"Mbili," mume wangu akasema, macho yakiwa kwenye simu.

Mwenye shamba lile alikuwa mama mmoja mjane, mtu mzima sana, aliyekuwa akiishi peke yake. Lazima nimweleze vizuri, maana bila kumjua yeye hamwezi kujua nilichokifanya. Mimi ni Mndali wa Ileje. Nilipoletwa hapa kama bibi harusi, sikujua hata salamu ya Kinyiha. Wanawake wenzangu kisimani walikuwa wakiongea wakicheka, nami nadhani wananicheka mimi, na pengine ni kweli. Mama huyu ndiye aliyenichukua. Aliniketisha jikoni kwake, akashika kijiko akakitaja, akashika chungu akakitaja, akashika sikio langu akalitaja, mpaka nikaweza. Kinyiha changu chote ni chake. Hata leo nikiongea, watu wa Itaka husema nina lafudhi ya kizee.

Yeye mwenyewe hakusoma. Kiswahili alikijua cha sokoni na cha kanisani. Barua zake za hospitali, za ushirika wa kahawa, za binti yake kabla simu hazijaenea, zote nilimsomea mimi. Alikuwa akizileta zimekunjwa ndani ya kitenge na kunikabidhi kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga.

Karatasi ya ridhaa ilikuwa nusu ukurasa. Niliibeba pamoja na kidau cha wino nilichoazima shuleni. Nilimkuta uani, amenyoosha miguu juu ya mkeka, anachambua maharage. Nikamwamkia, akanisogezea kigoda.

Karatasi ile ilisema hivi, naikumbuka neno kwa neno: "Natoa ridhaa, bila kushurutishwa, miundombinu ya umeme ipitishwe katika eneo langu, pamoja na kuondolewa kwa mimea yote itakayozuia njia, na sitadai fidia." Chini yake: "Nimesomewa maelezo haya kwa lugha ninayoifahamu, nimeyaelewa." Kisha nafasi ya dole gumba. Kisha nafasi ya jina na saini ya aliyesoma.

Mimi nilisema kwa Kinyiha, "Mama, watu wa umeme wanataka kupita shambani kwako. Wanaomba uweke dole."

Akaacha maharage. "Umeme unakuja?"

"Unakuja."

"Mpaka kwangu?"

Nyumba yake haikuwa na umeme. Mradi wa umeme wa vijijini ulipita barabarani, na waliokuwa na uwezo wa kufunga nyaya wakaunganishwa, yeye akabaki na taa yake ya sola iliyokuwa ikififia kabla hajamaliza kula. Alinitazama akiwa amefungua mdomo kidogo, kama msichana. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Neno la hapana nililijua, alinifundisha yeye. Nilifikiria nguzo tano. Nilifikiria mume wangu anavyonuna.

"Mungu akipenda, mama," nikasema.

Akapiga makofi mara moja, akacheka. Akafuta kidole gumba kwenye kitenge, akakichovya, akagandamiza. Wino haukushika vizuri kwa sababu ya udongo, tukarudia. Akaniomba niandike jina lake kwa mwandiko wa kupendeza, kwa kuwa karatasi inakwenda kwa wakubwa. Nikaliandika. Kisha pale chini, kwenye nafasi ya aliyesoma, nikaandika langu na kusaini.

Kwa muda mrefu nilijitetea kwamba sikusema ndiyo. Nilisema Mungu akipenda, na nani anaweza kusema kwamba Mungu akipenda hawezi? Nilikuwa nikijiambia hivyo njiani kwenda shule, na njiani kurudi. Mtu asiye na kosa hajitetei mara mbili kwa siku.

Jioni ile mume wangu aliuliza, "Umemweleza?"

"Nimemweleza."

"Safi." Akaipiga picha karatasi, akaiweka kwenye faili.

Yalipita majuma kadhaa. Katika majuma hayo yule mama aliwaambia watu. Aliwaambia wanawake wa umoja wa akina mama kanisani kwamba mwaka huu watafanyia maombi nyumbani kwake, jioni, kwa sababu kutakuwa na mwanga. Alikwenda Vwawa kwa miguu akanunua balbu mbili. Najua kwa sababu alinionyesha. Alizitoa kwenye maboksi yake, akaziinua juu, akaniuliza ipi ya sebuleni na ipi ya chumbani. Nilimwambia zote ni sawa. Nikamsaidia kuzirudisha kwenye maboksi.

Mkandarasi alileta nguzo siku ya Alhamisi, mimi nikiwa shuleni. Nilisimuliwa baadaye kwamba yule mama aliwapokea vijana wa kazi kwa togwa, akawaita wanangu, akawaonyesha hata ukuta ambako alitaka mita yake ikae. Vijana wakanywa, wakashukuru, wakachukua mapanga na msumeno. Walikata miti ya kahawa tisa. Kahawa ilikuwa imeshaanza kuwiva, matawi yameinama. Alipopiga kelele, msimamizi wao akamwambia, bila ubaya, "Mama, hii ipo kwenye karatasi uliyoweka dole."

Niliporudi niliona matawi yamelundikwa pembeni ya njia, buni nyekundu na kijani zimetapakaa chini. Yeye alikuwa ameinama anaziokota moja moja, anaweka kwenye kikapu. Sikupita mbele. Nilizunguka nikaingia nyumbani kwangu kwa mlango wa nyuma, mimi, mtu mzima, mwalimu wa watu, nikapita chini ya kamba ya kuanikia nguo kama mwizi.

Asubuhi yake alikuja mwenyewe.

"Mwanangu, wamekata kahawa. Hukuniambia kwamba watakata."

"Na mimi sikujua watakata mingi hivyo, mama."

Sikilizeni hilo jibu. Mingi hivyo. Nilijua watakata, ila idadi sikuijua, nikajificha nyuma ya idadi. Akatikisa kichwa polepole, akatazama zile nguzo mbili mpya zinazonuka dawa.

"Basi," akasema. "Taa haiji bure." Akaenda zake.

Fundi akaja kufunga mashine ya kuchajia. Ilikaa ukutani karibu na mlango, nyeupe, na kitaa cha kijani. Mume wangu akasimama mbele yake akapigwa picha. Gari likaanza kujaa kwa saa chache tu, nasi tunapiga pasi, tunachemsha maji, hakuna kinachokatika. Nisidanganye hapa pia: nilifurahi. Nilifurahi kwa siku mbili tatu hivi.

Siku ya nne yule mama alileta kuku.

Alikuwa mtetea mweusi, wa kutaga, amefungwa miguu kwa kipande cha kitenge. Alisimama mlangoni, ameweka mkono wa kushoto kwenye kiwiko cha kulia, ananipa kwa heshima kamili ya kimila.

"Umehangaika na makaratasi yangu," akasema. "Nami sina cha kukupa. Chukua huyu."

Nilipaswa kumwambia palepale. Kuku alikuwa akinitazama kwa jicho moja. Nikasema, "Mama, usijisumbue, huyu bado anataga," naye akacheka, akasema ndiyo maana amemchagua. Ningekataa, angeuliza kwa nini. Kwetu mtu hakatai kuku bila sababu. Nikampokea kwa mikono miwili, nikapiga goti. Jumapili mume wangu akamchinja, kwa sababu nilishindwa kumvumilia uani, na tukamla kwa ugali. Nyama ilikuwa tamu, hilo nalo nalikumbuka, na sipendi kulikumbuka.

"Watu wangu wa umeme watakuja lini?" yule mama alikuwa ananiuliza kila tukionana. Niliacha kupita njia yake. Nilimwona kanisani, nikatoka kabla ya tangazo la mwisho.

Mume wangu kwa wakati huo alikuwa na jambo lake. Alisoma kwenye simu kwamba nchi za wenzetu mtu akifunga mashine ya kuchajia gari nyumbani, serikali humpunguzia kodi. Alisema kama magari ya umeme yanafikiriwa kupunguziwa kodi huku kwetu, mashine nayo itafikiriwa, na anayewahi ndiye anayepata. Alikusanya kila kitu kwenye faili: risiti, mchoro wa fundi, barua ya mtendaji, kibali cha kuunganishwa, karatasi ya ridhaa. Akanituma mimi kwa sababu shule yetu iko karibu na ofisi ya kodi, na kwa sababu, alisema, mwalimu husikilizwa.

Nilihudumiwa na afisa mmoja kijana, mstaarabu sana. Alilipitia faili lote ukurasa kwa ukurasa, kwa utulivu, wakati mimi nilitaka alifunge. Mwishoni akanieleza kwamba yeye hana fomu ya kitu kama hicho. Gari lina taratibu zake linapoingia nchini. Mashine ya ukutani nyumbani kwa mtu ni kama friji tu, hana msamaha wa kunipa. Nilishukuru, nikanyoosha mkono kuchukua faili. Macho yake yalikuwa yamesimama kwenye karatasi ya dole gumba.

"Huyu mama hakusoma?"

"Hakusoma."

"Na ni wewe uliyemsomea? Hili ndilo jina lako?"

"Ndiyo."

Akaitazama ile alama ya bluu, iliyogandamizwa mara mbili. "Umefanya vizuri, mwalimu," akasema. "Bibi yangu waliwahi kumwekesha dole hivi hivi kwenye shamba lake, hakuna aliyemsomea. Watu wangekuwa kama wewe."

Niliitikia. Nilisema, "Asante." Nilitoka nje, nikafika mpaka pale wauza parachichi wanapopanga ndoo zao, nikagundua nimeacha mwavuli ndani, na sikuweza kurudi kuuchukua.

Bado sikumwambia yule mama. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu watu wakisikia habari hii hudhani moyo wangu ulinihukumu nikaenda kutubu. Moyo ulinihukumu, ndiyo, lakini miguu haikwenda. Alikuja binti yake.

Binti huyo anauza vitenge na mafuta ya kula Tunduma, anavuka mpaka kwenda Nakonde na kurudi mara tatu kwa siku, na amekaa na Wazambia hata mama yake anamwita "bamayo", mama, kama wanavyosema wao. Ni wa rika langu. Alifika Jumamosi, akakuta miti imekatwa na balbu mbili ziko kabatini, akamuuliza mama yake, kisha akaja kwangu. Hakuja kwa hasira. Ningependa angekuja kwa hasira. Aliketi, akakubali chai, akanywa nusu.

"Mwalimu," akasema, "bamayo anasema aliweka dole kwenye karatasi. Naomba niione."

Nikaleta faili. Aliisoma karatasi amesimama karibu na dirisha. Alisoma sehemu ya mimea kwa sauti. Alisoma sehemu ya fidia kwa sauti. Kisha akafika chini.

"Hapa pameandikwa amesomewa. Na pana jina lako."

"Ndiyo."

"Ulimsomea hivi?"

"Nilimweleza."

"Sijauliza kueleza. Nimeuliza kusoma."

Maji yalikuwa yanachemka jikoni. Niliyasikia mpaka birika likazimika lenyewe.

"Sikumsomea," nikasema.

Akakunja karatasi kama ilivyokuwa. "Alikuletea kuku."

"Ndiyo."

"Mkamla?"

"Tulimla."

Akatazama kikombe. "Njoo umwambie mwenyewe," akasema. "Mimi sitatafsiri. Kinyiha unakijua."

Tulimkuta mama jikoni, kwenye moshi. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya udongo, nikamwambia. Nilimwambia kwamba umeme ule ulikuwa wa gari letu. Kwamba hakuna aliyeomba umeme kwa jina lake. Kwamba karatasi ilitaja kukatwa kwa mimea, nami nilijua ni kahawa. Kinyiha hakina maneno mengi ya kupamba jambo kama hilo, au mimi sikufundishwa. Nilimaliza haraka kuliko nilivyotegemea.

Aliuliza swali moja. "Kwa hiyo kwangu hawaji?"

"Hawaji, mama."

Akachochea moto. Nikaanza kusema kwamba tutalipia sisi, tutamfungia nyaya, tutamwombea umeme wake, tutalipa miti yote tisa. Binti yake akasema hayo yataandikwa kwa mtendaji, mbele ya mashahidi, na safari hii atasoma yeye. Mama akainua mkono.

"Ya miti semeni ninyi mnaosoma," akasema. "Mimi nina langu. Pale kanisani wananiita Mama Taa. Wanasema nimezeeka, najisifia vitu ambavyo sina. Wananicheka mwezi wa ngapi huu. Jumatano uje uwaambie."

Niliona ni jambo dogo, na nikaona pia kwamba ningekuwa radhi kulipa miti mara kumi ili nisilifanye.

Jumatano nikaenda. Walikuwa wanawake kama ishirini hivi, kwenye chumba cha pembeni, mabenchi yamepangwa pande mbili. Wengi wao nimewafundishia watoto. Baada ya maombi mwenyekiti wao akanipa nafasi. Nilikuwa nimejiandaa nyumbani, nimeandika na maneno. Nikasimama, nikasema kwa Kiswahili kizuri kwamba mama yetu hapa hakusema uongo kuhusu umeme, kwamba kulikuwa na mipango ya nguzo, na kwamba mimi na yeye, kwa bahati mbaya, hatukuelewana. Nikaomba radhi kwa usumbufu. Nikaketi. Wanawake wakasema amina. Mmoja akanigusa bega kunifariji.

Yule mama alikuwa benchi la mbele. Akasimama taratibu, akishikilia bega la jirani yake. Hakunitazama.

"Amesema hatukuelewana," akasema kwa Kinyiha. "Mimi nilimwelewa."

Mwanamke aliyenigusa bega akaondoa mkono.

"Nilimwelewa vizuri sana," akasema, na akaketi.

Sijui nilikaa pale muda gani. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyeanzisha wimbo, wote walikuwa wananingoja. Nikasimama tena. Karatasi yangu niliiacha kwenye benchi. Safari hii nilisema kwa Kinyiha, kwa lafudhi ile ile ya kizee, na wote waliijua imetoka wapi. Nilisema aliniuliza kama umeme utafika kwake, nami nilijua hautafika, nikamwambia Mungu akipenda. Nilisema nilisaini kwamba nimemsomea na sikumsomea. Nilisema alileta kuku na nikapokea. Niliposema la kuku, mwanamke mmoja nyuma alitoa sauti ndogo, "aa," kama mtu aliyekanyaga mwiba. Hiyo sauti ninayo mpaka leo.

Hakuna aliyesema amina. Mwenyekiti akasema tuendelee na ratiba.

Mume wangu alipopata habari alikasirika. "Umekwenda kujianika mbele ya watu kwa ajili gani? Tungelipa kimyakimya yakaisha." Nikamwambia si yeye aliyesema Mungu akipenda. Baada ya siku chache alikwenda kwa mtendaji mwenyewe, na binti akaja kutoka Tunduma, na makubaliano yakaandikwa. Binti alimsomea mama yake kila mstari, mara mbili, sisi tumekaa tunasikiliza. Mtendaji akauliza kama anataka nguzo zing'olewe zizungushwe barabarani. Mama akasema zikae, kahawa imeshakatwa, kuzing'oa hakuirudishi.

Fundi yule yule mwenye mhuri alimfungia nyaya. Maombi ya mama yalichukua muda mrefu kuliko yetu, na kila juma la kusubiri nilikuwa nakwenda kuuliza, nasimama kwenye foleni. Mvua za mwanzo zilipoanza, akawashiwa. Niliona mwanga kwenye dirisha lake kutoka kwangu. Sikwenda. Nilisikia akina mama wameimba kwake siku hiyo, na sikualikwa, wala sikutegemea.

Mambo mengine yalibadilika bila mtu kutangaza. Wazee wachache waliokuwa wakiniletea barua niwasomee waliacha. Mzee mmoja wa njia ya Nanyala bado huja, lakini nikimaliza kumsomea anakunja barua, anasema asante, kisha nje ya uzio namsikia akimwambia mjukuu wake, "Hebu isome tena." Simlaumu. Mara ya kwanza nilikaa chini nikalia. Sasa nikisikia hivyo nasubiri mpaka mtoto amalize, nione kama nimesoma sawasawa.

Yule mama na mimi tunaamkiana. Hajawahi kunisema vibaya popote, kwa ninavyojua. Ila zamani aliniita mwanangu, na tangu Jumatano ile ananiita mwalimu.

Mwaka jana, kwenye masika, nilikuwa natoka Vwawa na gari nikamkuta njiani amelowa, ana kikapu. Nikasimama. Alisita, akatazama mawingu, akapanda. Alikaa na kikapu magotini, hataki kukiweka chini kisichafue.

"Hili ndilo?" akauliza baada ya muda.

"Ndilo, mama."

Akasikiliza. "Halina kelele."

"Halina."

Tukaongea kuhusu maharage, kwamba mvua imezidi na yanaoza mashinani. Nikamuuliza mguu wake, akasema unauma asubuhi tu. Tulipofika njia panda, hatua mia mbili kabla ya kwake, akaniomba nisimame. Nikasema mvua bado inanyesha, nitamfikisha mlangoni. Akasema hapana, hapa panatosha.

Nikasimama. Alishuka taratibu, akaweka kikapu kichwani, akasema, "Asante, mwalimu," akafunga mlango kwa mikono miwili. Nikabaki nimeketi, vipangusio vya kioo vinakwenda na kurudi, mpaka alipoingia kwake.